Rafiki Yako Amekutumia Picha

Barua pepe yenyewe ilikuwa fupi. Ilikuja na jina la mtu unayemjua, na ilisema kwamba mtu huyo amekutumia picha kwenye mtandao unaoitwa Tagged. Kulikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Karibu na vitufe kulikuwa na sentensi moja ambayo naihesabu kati ya sentensi za kijanja kabisa katika historia fupi ya intaneti: ilikuomba ujibu, la sivyo rafiki yako anaweza kudhani umemkataa. Iliishia na kile kiuso cha huzuni kinachochorwa kwa nukta mbili na mabano.

Picha hazikuwepo. Rafiki hakuwa ametuma kitu. Mara nyingi hakujua hata kwamba jina lake liko safarini, mpaka simu zilipoanza kuita na shangazi mmoja akataka kujua ni picha gani hizo.

Hayo yalitokea kati ya Aprili na Juni 2009. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York ilikadiria baadaye kwamba barua za namna hiyo zilizidi milioni 60. Jarida la Time, mwezi Juni mwaka huohuo, liliuita Tagged katika kichwa cha habari tovuti inayoudhi kuliko zote duniani. Kama una kaka au dada aliyekuwa na anwani ya Yahoo miaka ile, akilipia nusu saa kwenye intaneti kafe, muulize. Huenda amelisahau jina la mtandao uliomsumbua, maana ilikuwa mingi, lakini ataikumbuka ile hali ya kufungua kisanduku cha barua na kukuta watu kumi wanamkaribisha mahali ambapo wenyewe hawajawahi kukanyaga.

Tumezoea kuliweka jambo hili kwenye kapu la kero ndogondogo, pamoja na barua za mjane wa jenerali anayetafuta mtu wa kumtunzia mamilioni. Mimi naona ni la kapu jingine. Mjane wa jenerali ni mgeni, na mgeni tulijifunza kumtilia shaka. Hizi zilikuja na jina la mwalimu wako wa kidato cha nne.

Mwaliko una taratibu zake kwetu. Mshenga hutumwa, na kabla hajasema neno anaulizwa katumwa na nani. Kadi ya harusi ina jina lako limeandikwa kwa mkono, na usipoipata unaelewa. Hata zile kadi za salamu za redioni, ambazo wazazi wetu walizinunua na kuzijaza majina, zilimtaka mtumaji akae chini na kalamu achague nani asalimiwe na nani aachwe. Kuachwa nako kulikuwa ujumbe. Salamu ilikuwa na thamani kwa sababu mtu amekuchagua katikati ya watu wote anaowajua. Kilichofanywa na kampuni za mitandao, kwa zaidi ya miaka kumi, ni kuondoa kule kuchagua na kubakiza jina.

Haikuanza na Tagged. Tarehe 4 Julai 1996, Sabeer Bhatia na Jack Smith walizindua Hotmail, huduma ya barua pepe ya bure inayofunguka kwenye kompyuta yoyote. Fedha za matangazo zilikuwa kidogo. Mwekezaji wao, Tim Draper, aliwasukuma waweke mstari mmoja chini ya kila barua itakayotoka, wa kumwambia anayesoma kwamba naye anaweza kupata barua pepe bure. Waanzilishi walisita, kisha wakakubali. Mwaka mmoja na nusu baadaye walikuwa na watumiaji karibu milioni 12, na Microsoft ikainunua kampuni kwa takriban dola milioni 400. Draper na mwenzake Steve Jurvetson waliieleza mbinu hiyo kwa lugha ya hospitali: bidhaa inayoenea kama kirusi, kila anayeambukizwa akiwaambukiza wengine. Walisema hivyo kwa kujisifu.

Lakini barua ya Hotmail ilikuwa bado barua yako. Wewe ndiye uliyeamua kumwandikia mama, na tangazo lilidandia safari ambayo ingefanyika hata bila lenyewe. Mwaka 1997 Andrew Weinreich alianzisha New York mtandao wa SixDegrees, ambao wengi huuhesabu kuwa mtandao wa kijamii wa kwanza wa kweli, na hapo barua ilianza kuwa ya kampuni. Ulitaja ndugu na marafiki, ukaandika anwani zao, na mtandao ukawaandikia kuwauliza kama uhusiano huo ni wa kweli. Ila anwani uliziandika mwenyewe, moja baada ya nyingine. Uchovu wa vidole ulikuwa breki. Hakuna aliyekaa kuandika anwani 400.

Aliyeonyesha dunia kwamba breki hiyo inaweza kung'olewa hakuwa mfanyabiashara. Tarehe 26 Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilianza kusambaa kupitia programu ya Outlook ya Microsoft. Ukifungua waraka uliokibeba, kilikwenda kwenye kitabu chako cha anwani, kikachukua anwani 50 za mwanzo, na kuziandikia zote kwa jina lako. Kichwa cha barua kilisema ni ujumbe muhimu kutoka kwako. Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja wa kumwambia mpokeaji kwamba huu ndio ule waraka aliouomba, asimwonyeshe mtu mwingine, na mwishoni kiuso kinachokonyeza. Kilielemea mitambo ya barua ya makampuni na ofisi za serikali kwa siku kadhaa. Aliyekitengeneza, David L. Smith wa New Jersey, alikiri kosa na mwaka 2002 akahukumiwa miezi 20 gerezani. Mei 2000 kikaja kingine kutoka Ufilipino, kilichodai kuwa barua ya mapenzi, na hicho hakikutosheka na anwani 50. Kilichukua kitabu kizima.

Weka barua ya Melissa na barua ya Tagged pamoja mezani. Zote mbili zina jina la rafiki. Zote mbili zinadai rafiki amekuletea kitu, na kitu hicho hakipo. Zote mbili zimeandikwa na programu iliyoingia kwenye kitabu cha anwani cha mtu mwingine, na zote mbili, zikibofywa, zinakigeuza kitabu chako kuwa chanzo cha barua nyingine. Hata viuso zinavyo, kimoja kinakonyeza na kingine kinalia. Mtengenezaji wa Melissa alikwenda jela. Katika miaka ya kati, mbinu hiyohiyo ikapata heshima, ikaitwa ukuaji.

Kampuni iliyoipa suti na tai ilikuwa Plaxo, iliyoanza kutoa huduma Novemba 2002. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Sean Parker, kijana aliyeshiriki kuanzisha Napster na ambaye baadaye angekuwa rais wa kwanza wa kampuni ya Facebook. Plaxo ilikaa ndani ya Outlook, programu ileile iliyombeba Melissa, na ilitatua tatizo la kweli: watu huhama na kubadili namba, na vitabu vya anwani huchakaa. Dawa yake ilikuwa kuwaandikia watu wote waliomo kitabuni, kwa jina lako, kuwaomba wahakiki taarifa zao. Wewe ulibofya mara moja. Wao walipokea ombi lililoonekana kama umekaa ukawafikiria. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 2006 kampuni ilitangaza kuanza kuachana na barua hizo. Kufikia hapo wengine walikuwa wamekwisha kujifunza.

Walichojifunza ni hesabu ya darasa la sita. Chukua idadi ya watu ambao kila mwanachama mpya anawaalika, zidisha kwa sehemu ya wale wanaokubali. Ukialika watu 10 na mmoja kati ya kumi akakubali, jibu ni 1, na mtandao unajiendeleza wenyewe. Jibu likiwa 0.8, unakua kidogo halafu unakufa. Likiwa 1.2, baada ya mizunguko 20 mtu mmoja amezaa watu karibu 40 kila mzunguko, na haujalipia tangazo hata moja. Kumshawishi mtu akubali ni kazi ngumu, inahitaji mtandao mzuri. Kuongeza idadi ya wanaoalikwa ni rahisi: badala ya watu 10 aliowachagua, alika 400 asiowachagua. Ukiwa mhandisi mwenye lengo la mwisho wa mwezi, utagusa namba ipi?

Kizuizi kilikuwa kimoja. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 vitabu vya anwani vilikuwa vimehama kutoka kwenye kompyuta za watu kwenda Yahoo, Hotmail na Gmail, nyuma ya nywila. Kwa hiyo mitandao iliomba nywila. Leo mtu akikuomba nywila ya barua pepe yako utamwona mwizi, lakini kati ya 2005 na 2009 ilikuwa hatua ya kawaida ya kujiandikisha: weka anwani yako, weka nywila ya barua pepe yako, tukusaidie kuona nani kati ya marafiki zako yuko hapa tayari. Programu iliingia kwenye kisanduku ikijifanya wewe, ikanakili majina yote, ikatoka. Mwishoni mwa 2007 kundi la wahandisi lilichapisha utaratibu uitwao OAuth, unaomruhusu mtumiaji kutoa kibali bila kutoa nywila, lakini ilichukua miaka kuenea.

Tena ule haukuwa hata kitabu cha marafiki. Gmail ilikuwa inajiwekea yenyewe anwani za watu uliowahi kuwaandikia. Kwa hiyo humo alikuwemo mwenye nyumba wa zamani, msimamizi wa tasnifu, ofisa uliyemwomba kazi ukanyimwa, mpenzi mliyeachana vibaya, wakili wa upande wa pili, na marehemu wawili watatu ambao hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwafuta. Wote hao wakapokea neno kutoka kwako kwamba ungependa muwe marafiki. Septemba 2007 mtandao mmoja mdogo, Quechup, ulifanya hivyo kwa kitabu kizima cha kila aliyejiandikisha, na watu wakatumia wikiendi nzima kuandika barua za kuomba radhi.

Tagged ilianzishwa mwaka 2004 San Francisco na vijana wawili, Greg Tseng na Johann Schleier-Smith. Mwaka 2009 ulipotokea mkasa, Tseng alieleza kwamba hatua mpya za kujiandikisha ziliwachanganya watu, na kampuni ikazisimamisha. Andrew Cuomo, aliyekuwa wakati huo Mwanasheria Mkuu wa New York, hakuridhika. Julai 2009 alitangaza kwamba ataishtaki, na alilinganisha kitendo hicho na kuvunja nyumba ya mtu, kuiba kitabu chake cha anwani, na kuwatumia watu wake wote barua za uongo. Aligusia pia jambo ambalo ofisi za sheria huwa hazijali sana, nalo ni aibu: watu walilazimika kuwaomba radhi jamaa zao kwa kitendo ambacho hawakukifanya.

Novemba mwaka huo suluhu ilifikiwa. Tagged ilikubali kulipa dola 500,000 kwa New York na dola 250,000 kwa Texas. Gawanya kwa barua milioni 60, utapata senti moja na robo kwa barua. Kampuni haikutikisika. Mwishoni mwa 2011 iliununua mtandao wa hi5, baadaye ikabadili jina, na mwaka 2017 ikauzwa kwa dola milioni 60. Ni bahati tu kwamba namba hizo zinalingana, dola moja kwa kila barua, lakini bahati nyingine zina kejeli.

Kesi ya New York ilimhusu aliyedanganywa wakati wa kubofya. Kesi iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu mshtakiwa alikuwa mtandao wa watu wenye vyeo. Septemba 2013 watumiaji kadhaa wa LinkedIn walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho ya California, wakidai mtandao ulichukua anwani kutoka kwenye barua pepe zao na kuzitumia mialiko kwa majina yao. Juni 2014 jaji Lucy Koh alitoa uamuzi ambao kwangu ndio kilele cha historia hii, kwa sababu aliikata hadithi katikati. Kuchukua anwani na kutuma mwaliko wa kwanza, alisema, watumiaji walikuwa wameridhia, skrini ziliwaambia. Lakini LinkedIn haikuishia kwenye mwaliko wa kwanza. Mpokeaji aliponyamaza, mtandao ulimwandikia tena kumkumbusha, halafu ukamkumbusha mara ya pili, kila mara kwa jina la yuleyule. Hilo hakuna aliyeliridhia.

Jaji aliona madhara mahali ambapo mtu yeyote aliyelelewa vizuri angeyaona. Ukumbusho wa mara ya pili na ya tatu unaweza kuwafanya watu wakuone mtu msumbufu, asiyeelewa dokezo, asiyejua kwamba kimya nacho ni jibu. Na jina lako lilitumika kibiashara: barua ilifunguliwa kwa sababu ilikuwa na jina lako, si la LinkedIn. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 13 kumaliza shauri, na kuwapa watumiaji njia ya kuzuia kumbusho hizo.

Angalia waliolipwa, hata hivyo. Walikuwa wale ambao majina yao yaliazimwa. Aliyepokea barua tatu asizozitaka hakuwa na nafasi katika kesi hiyo.

Nafasi yake aliipata Ujerumani. Shirikisho la vyama vya kutetea walaji la nchi hiyo liliishtaki Facebook kuhusu huduma yake ya kutafuta marafiki, kama ilivyokuwa mwaka 2010, ambayo ilipekua barua pepe za mtumiaji na kuwaandikia watu wasiokuwa wanachama. Kesi ilipanda ngazi kwa miaka: Berlin mwaka 2012, rufaa mwaka 2014, na tarehe 14 Januari 2016 ikafika kwenye Mahakama Kuu ya Shirikisho huko Karlsruhe. Facebook ilijitetea kwamba mwaliko ni wa mtumiaji, yaani rafiki anamwandikia rafiki. Mahakama ilikataa. Mwaliko ni tangazo la Facebook, hata kama aliyebofya ni rafiki, na kumtumia tangazo mtu ambaye hajaridhia ni kumsumbua kinyume cha sheria. Ukisoma hoja hiyo polepole utaona imefanya kitu rahisi: imemuuliza mshenga katumwa na nani.

Bahati mbaya hukumu ilikuja wakati kitabu kimekwisha kuhama tena. Kilikuwa sasa mfukoni, ndani ya simu, na simu haikuhitaji nywila ya Yahoo. Februari 2012 mtaalamu mmoja wa programu aligundua kwamba Path, mtandao uliojinadi kuwa ni wa watu wachache wa karibu, ulipakia kitabu kizima cha simu kwenye mitambo yake bila kumuuliza mwenye simu. Kampuni iliomba radhi na kufuta. Apple ikabadilisha simu zake ili programu zibishe hodi kwanza. Mwaka 2019 Facebook ilikiri kwamba tangu Mei 2016 ilikuwa imepakia anwani kutoka kwenye barua pepe za watumiaji wapya wapatao milioni 1.5, baada ya kuwaomba baadhi yao nywila ili kuthibitisha kwamba ni wao. Ilisema haikukusudia.

Kwetu Afrika Mashariki kitabu hicho kilipata mtumiaji mwingine, ambaye hakuwa na haja ya kualika mtu. Programu za mikopo ya simu ziliomba ruhusa ya kuona namba zako kabla ya kukukopesha shilingi elfu chache. Ukichelewa kulipa, namba zilipigiwa. Wengine waliambiwa wametajwa kuwa wadhamini. Wengine waliombwa tu wakuambie ulipe. Jina lako lilitumika tena bila wewe kujua, safari hii kukuaibisha, na nguvu yake ilitoka palepale: mtu hufungua ujumbe unaomtaja anayemjua. Kenya ilipata sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zikawakataza wakopeshaji wa kidijitali kupekua orodha ya namba za mteja ili kuwatumia watu wake ujumbe anaposhindwa kulipa. Tanzania ilitunga sheria yake ya taarifa binafsi mwaka huohuo wa 2022.

Ruhusa hutolewa na mwenye simu, kwa kidole kimoja, kabla mkopo haujaingia. Waliomo kwenye orodha hawaulizwi. Wameandikwa humo jinsi tunavyoandikana: Mama Mboga, Baba Asha Mpya, Fundi Bomba, Boda Stendi. Fundi Bomba alikuja mara moja tu, akaziba bomba la jikoni, akalipwa, akaondoka na pikipiki yake. Ndiye aliyepigiwa saa mbili usiku kuulizwa kama anakujua.